Kufuta programu zilizokuja na simu: dhana potofu na ukweli kwa aliyeruti Android

Mtu akishairuti simu yake ya Android, yaani akijipa mamlaka ya juu kabisa juu ya mfumo wake, kitu cha kwanza kinachomwasha mikono ni zile programu alizozikuta ndani: michezo asiyoicheza, duka la pili la programu, kivinjari cha mtengenezaji, programu ya hali ya hewa inayomletea matangazo usiku wa manane. Hamu ya kuzifagia ni halali kabisa. Simu ni yake. Tatizo ni ushauri unaozunguka: mwingine ulikuwa kweli miaka kumi iliyopita, mwingine ni nusu ukweli, na mwingine haujawahi kuwa kweli. Anayeufuata bila kuuchuja huishia na simu inayoonyesha nembo ya kampuni, ikazima, ikawaka, ikarudi palepale kwenye nembo.

"Ikigoma kuwaka, nitarejesha mipangilio ya kiwandani"

Hii naiweka mbele kwa sababu ndiyo inayowapa watu ujasiri wa kufuta ovyo, na ndiyo inayowaangusha siku wanapoihitaji.

Hifadhi ya simu ya Android imegawanywa. Kuna sehemu ya mfumo, yaani /system na wenzake kama /product, /system_ext na /vendor. Humo ndimo mtengenezaji alimoweka programu zake: za kawaida katika folda ya app, zenye mamlaka makubwa zaidi katika priv-app. Halafu kuna sehemu ya data, /data, ambamo mnakaa programu ulizosakinisha mwenyewe, mipangilio yako, picha na jumbe. Kurejesha mipangilio ya kiwandani ni kufuta sehemu ya data, basi. Sehemu ya mfumo haiguswi, wala hakuna nakala yake inayochomolewa mahali ikapangwa upya. Kwa hiyo aliyefuta folda ndani ya /system/priv-app, simu ikakwama, akakimbilia kurejesha mipangilio, atapoteza picha zake na simu itabaki imekwama vilevile.

Ipo njia nyingine ya kuondoa programu ambayo tabia yake ni kinyume cha hiyo. Amri ya pm uninstall --user 0, inayoandikwa katika terminali (dirisha la kuandikia amri) na kufuatwa na jina la kifurushi, yaani jina la ndani la programu kama com.android.stk, haifuti faili lolote katika sehemu ya mfumo. Inaifuta data ya programu hiyo na kuandika kwamba mtumiaji namba 0, yaani mwenye simu, hana tena programu hiyo. Kwa kuwa maandishi hayo yamo ndani ya /data, hapo kurejesha mipangilio ya kiwandani kunairudisha kweli. Watu wawili wanaweza kusema "nimeifuta", kumbe mmoja ana njia ya kurudi na mwingine hana. Kabla hujafuata maelekezo ya yeyote, jua kwanza anazungumzia kufuta kupi.

Aliyekwisha kufuta kutoka sehemu ya mfumo hurudi kwa kuflashi romu rasmi, yaani kuuandika upya mfumo mzima wa mtengenezaji kwenye simu, ya modeli ileile hasa, tena toleo lisilo la zamani kuliko lililomo ndani ya simu. Simu nyingi za sasa zina kinga dhidi ya kurudishwa kwenye toleo la nyuma, na baadhi zikilazimishwa hazifufuki tena. Pakua romu hiyo kabla ya kufuta chochote.

"Nina ruti, kwa hiyo njia sahihi ni kufuta faili lenyewe"

Zamani ndivyo ilivyofanywa. Mtu alifungua kidhibiti faili chenye mamlaka ya ruti, akairuhusu /system iandikwe, akafuta folda, akawasha simu upya. Maelekezo ya enzi hizo bado yanasomwa na kufuatwa, wakati Android iliyoandikiwa haipo tena.

Tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, masasisho ya mfumo yalianza kutengenezwa kwa kufuata yaliyomo kwenye hifadhi yenyewe, si faili mojamoja. Sasisho linakagua sehemu ya mfumo kabla ya kuibadilisha, na likikuta hata kitu kidogo si kama kilivyotoka kiwandani, linakataa. Mwaka 2016 Android 7.0 ikaongeza ukali: simu inathibitisha uadilifu wa mfumo wakati wa kuwaka, na inaweza kukataa kuwaka ukiwa umeguswa. Kisha Android 10 ya mwaka 2019 ikaleta mpangilio ambao sehemu za mfumo zimewekwa pamoja ndani ya eneo moja kubwa liitwalo super. Katika simu nyingi za tangu hapo, /system haiandikiki hata ukiwa na ruti. Nyingine hutumia EROFS, muundo wa faili uliobuniwa kwa kusomwa tu. Ndiyo maana mtu anabonyeza kufuta, anaambiwa imefanikiwa, akiwasha upya anaikuta programu imekaa palepale.

Njia inayofaa sasa ni ile isiyogusa sehemu ya mfumo. Magisk, zana ya kuruti iliyoanzishwa na John Wu mwaka 2016, ilijengwa juu ya wazo hilo: mabadiliko yanawekwa kando, na simu inapowaka yanafunikwa juu ya mfumo halisi. Moduli ya Magisk, yaani kifurushi cha mabadiliko kinachoongezwa juu yake, inaweza kuweka folda tupu yenye faili liitwalo .replace mahali pa folda ya programu usiyoitaka, na Android ikitazama haioni kitu. Chini yake faili halisi lipo, halijaguswa. KernelSU na APatch, zana nyingine za kuruti, nazo huficha programu bila kufuta chochote, ingawa kwa ufundi tofauti.

Faida yake huonekana pale unapokosea. Ukiondoa moduli, programu inarudi. Na simu ikishindwa kuwaka kwa sababu ya moduli, Magisk inazizima moduli zote pale simu inapoingia katika hali salama, ambayo kwa simu nyingi hufikiwa kwa kushikilia kitufe cha kupunguza sauti inapokuwa inawaka. Ukiiwasha tena kawaida, moduli zinabaki zimezimwa mpaka uziruhusu. Mlango wa kutokea namna hiyo haupo kwa aliyefuta faili kwa mkono.

"Nikizifuta nitapata nafasi"

Nafasi ya sehemu ya mfumo haihamii kwenye sehemu ya data. Ukifuta programu ya megabaiti 300 kutoka /system, sehemu ya mfumo inabaki na pengo la megabaiti 300 ambalo huwezi kuwekea picha hata moja. Kinachokula nafasi yako ni masasisho ya programu hizo, ambayo hupakuliwa na kukaa /data/app, pamoja na data na kache zake. Hivyo vinaondolewa kwa kufungua ukurasa wa programu katika mipangilio, ukachagua kuondoa masasisho na kufuta data. Ruti haihitajiki.

"Kuzima hakusaidii, programu iliyozimwa bado inakula betri"

Hapa mambo mawili yanachanganywa. Kulazimisha programu isimame ni kuisimamisha kwa muda: ukiifungua, au programu nyingine ikiiita, inaamka. Kuizima ni jambo jingine. Programu iliyozimwa, iwe kwa kitufe cha mipangilio au kwa amri ya pm disable-user --user 0, Android haiiruhusu kuanza kwa namna yoyote. Haipokei taarifa kwamba simu imewaka, haiendeshi huduma za nyuma, haichukui kumbukumbu ya kazi wala betri. Imebaki faili lililolala.

Ndiyo maana kwangu kuzima ndiyo hatua ya kwanza kwa programu yoyote, hata kwa mwenye ruti. Zima mbili tatu, siyo thelathini kwa mpigo. Washa simu upya. Piga na pokea simu, tuma ujumbe, fungua kamera, weka kengele ya asubuhi, unganisha bluetooth, pakua faili na ulifungue. Ishi hivyo siku kadhaa. Kitu kikivunjika utajua ni kipi kati ya viwili vitatu ulivyovigusa, na kukirudisha ni mguso mmoja. Anayefuta thelathini kwa mara moja hujikuta anakisia. Kasoro ya kuzima ni kwamba baadhi ya masasisho ya mtengenezaji huziwasha tena programu hizo, kwa hiyo baada ya kila sasisho kubwa pitia orodha yako.

"Jina nisilolijua ni takataka"

Hapa ndipo simu nyingi zinazogoma zinapoanzia. Orodha ya vifurushi vya mfumo inaweza kuwa na mamia ya majina, na mengi hayana aikoni wala hayajawahi kukutokea kwenye skrini. Kutoonekana kwake hakumaanishi hayana kazi.

Chukua majina yenye neno providers. com.android.providers.contacts ndiyo ghala la anwani zako. Programu unayoifungua kutazama majina ni dirisha tu la kulitazamia ghala hilo. Ukifuta data yake, majina ambayo hayajahifadhiwa kwenye akaunti au laini yametoweka. com.android.providers.telephony hutunza jumbe fupi na mipangilio ya intaneti ya mtandao wako. com.android.providers.media ndiyo inayoziwezesha programu nyingine kuziona picha na nyimbo zako. com.google.android.permissioncontroller husimamia ruhusa zote, na ukiiondoa usishangae mfumo ukiyumba. com.google.android.webview huonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine. Ikikosekana na hakuna mbadala wake, programu zinazoitegemea zitajifunga zenyewe bila maelezo.

Nyingine haziui simu ila zinakunyang'anya kitu usichokitarajia. com.android.stk huonekana kama kitu cha kizamani, kumbe ndiyo inayoleta menyu ya laini ya simu, na kuna huduma za pesa zinazopita humo. com.android.cellbroadcastreceiver hupokea tahadhari za dharura. Katika baadhi ya simu zenye chipu ya Qualcomm, org.codeaurora.ims ikiondoka, kupiga simu kupitia mtandao wa 4G kunaondoka nayo. Na katika simu za Xiaomi, com.xiaomi.finddevice inajulikana kwa kuizuia simu isiwake ikiondolewa, ingawa jina lake linaonyesha kitu cha hiari, cha kutafuta simu iliyopotea.

Upande wa pili, yapo majina yanayoonekana ya mfumo na hayana kazi ambayo simu inaitegemea. com.facebook.appmanager, com.facebook.services na com.facebook.system huachwa ndani hata mtu akiisha kuiondoa Facebook yenyewe. Hizo ondoa bila wasiwasi.

Kibodi inahitaji neno lake peke yake, kwa sababu madhara yake huchelewa kuonekana. Unasakinisha kibodi unayoipenda, unaondoa iliyokuja na simu, kila kitu kinakwenda sawa mpaka simu izime. Ikiwaka, kabla hujafungua kifunga skrini kwa mara ya kwanza, data yako bado imefungwa kwa usimbaji, na kibodi ambayo haikutengenezwa kufanya kazi katika hali hiyo haitatokea. Kama kifunga skrini chako ni nywila ya herufi, huna cha kuandikia. Anayetumia PIN au mchoro hapati shida hiyo, maana hivyo havitumii kibodi. Jaribu kuwasha upya huku kibodi ya asili imezimwa tu, na ubadilishe nywila kuwa PIN kwa muda huo wa majaribio.

Kuhusu orodha za watu: usibandike orodha ya modeli nyingine kwenye simu yako. Jina lilelile linaweza kuwa mzigo kwa simu moja na nguzo kwa nyingine. Mradi wa Universal Android Debloater umefanya jambo la maana kwa kugawa vifurushi katika makundi manne kulingana na hatari, kuanzia vinavyopendekezwa kuondolewa hadi visivyopaswa kuguswa, pamoja na maelezo ya vingi kati yake. Baki katika kundi la kwanza mpaka uwe na sababu ya kutoka.

"Nikiisafisha hivi, simu yangu iko salama"

Kupunguza programu kunapunguza wanaokusanya taarifa zako, na hilo ni jambo jema. Lakini programu hasidi iliyopandikizwa kiwandani huwa haikai kama aikoni inayosubiri kufutwa. Mwaka 2017 Dr.Web, kampuni ya programu za kuzuia virusi, waliikuta programu hasidi iitwayo Triada katika simu za bei nafuu ikiwa ndani ya libandroid_runtime.so, maktaba ambayo programu zote za Android huipitia, na mwaka 2019 Google ilithibitisha kwamba ilipenyezwa kupitia mnyororo wa utengenezaji. Hakuna kifurushi ambacho ungefuta ukaimaliza. Dawa ya simu ya namna hiyo ni kuflashi romu safi.

Jambo jingine: kufungua butiloda (programu ndogo inayouwasha mfumo simu inapowaka), hatua ambayo kwa kawaida hutangulia ruti, kunaondoa sehemu ya ulinzi wa simu, na ndiko kunakofanya baadhi ya programu za benki zikatae kufunguka. Mfumo wa Google wa Play Integrity hutazama, pamoja na mengine, kama butiloda imefungwa. Kurudisha programu ulizoziondoa hakutabadilisha jibu lake.

"Niliyoiondoa nitaitafuta mtandaoni"

Ukiwa umetumia pm uninstall --user 0, au umeificha kwa moduli, huna haja. Faili halisi bado limo kwenye simu. Kwa njia ya kwanza, amri ya cmd package install-existing ikifuatwa na jina la kifurushi inairudisha papo hapo, na ukiwa na ruti unaiandika katika terminali ya simu yenyewe. Kupakua programu ya mfumo kutoka kwa mtu usiyemjua ni kukaribisha kile ulichokuwa unakifukuza, na ikiwa saini yake ya kidijitali si ya mtengenezaji, Android itakataa kuiweka mahali pa ile ya asili.

Kabla ya kuanza, endesha pm list packages -s na uhifadhi matokeo nje ya simu, ili ujue kilichokuwapo. Washa utatuaji wa USB (USB debugging, unaoiruhusu kompyuta kuituma simu amri) na uikubali kompyuta yako wakati skrini ingali inafanya kazi. Simu iliyokwama kwenye nembo haina tena kitufe cha kukubali.