Mpango wa malezi haufungwi kwa sahihi

Wengi Mombasa huamini kwamba mtoto akishakabidhiwa nyanya yake kwa amri ya mahakama ya watoto pale Tononoka, faili imefungwa. Sivyo. Mpango wa malezi, yaani maandishi ya jinsi mtoto atakavyotunzwa, huandikwa kwa hali ya siku ile. Nyanya akiugua, au wakihama Likoni kwenda Kisauni, shule na kliniki zilizotajwa humo hazifai tena.

Kwa hiyo mpango hupitiwa upya. Mapitio huanza na mtoto mwenyewe, faragha, mlezi akisubiri nje. Kisha kila lengo hukaguliwa: limefanyika? Lilikwama wapi?

Kosa kubwa ni kunakili ukurasa wa zamani na kubadilisha tarehe tu. “Apate ushauri nasaha” haitoshi. Andika siku, mahali, nani atampeleka, na nani atalipa nauli. Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, matatu si bure.