Crna Trava: manispaa iliyoondokewa na waashi wake

Msomaji wa Kiswahili akisikia neno manispaa huwaza mji: soko, stendi, foleni ya magari. Kwa Waserbia, opština ni eneo zima la utawala, yaani makao makuu pamoja na vijiji vyote vilivyo chini yake. Ndiyo maana Crna Trava, iliyo milimani kusini mashariki mwa Serbia, mpakani na Bulgaria, ni manispaa kamili yenye kilomita za mraba 312, na bado sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 1,063 tu. Hakuna manispaa nyingine nchini humo yenye watu wachache hivyo.

Sensa ya 1948 ilikuwa imehesabu 13,614. Kwa kila watu kumi na watatu wa wakati ule, leo yupo mmoja.

Jina lenyewe maana yake ni majani meusi. Hekaya ya huko husema wapanda farasi waliokuwa wakielekea vita vya Kosovo, mwaka 1389, walilala kwenye majani marefu ya mlimani, usingizi ukawachukua, wakachelewa vita. Walipoamka wakayalaani majani hayo. Ni hekaya tu, lakini ina ukweli mmoja ndani yake: hapa ni nchi ya malisho na misitu, baridi kali, na ardhi haba ya kulima. Waturuki wa Osmani waliitawala hadi 1878, ilipoingia Serbia. Mkulima alivuna kidogo, na familia zilikuwa kubwa.

Jibu la watu wa Crna Trava lilikuwa mwiko na timazi. Wanaume walijifunza uashi, na kila majira ya kuchipua walishuka milimani kwa makundi kwenda kujenga Belgrade na miji mingine, hata nje ya mipaka. Safari hiyo ya kutafuta riziki huitwa pečalba. Wavulana waliifuata wakiwa bado wadogo, wakibeba maji na chokaa kabla ya kuruhusiwa kushika tofali. Huku nyuma wanawake ndio waliolima, wakachunga, wakalea na kuzika. Majira ya baridi yalipokaribia, waashi walirudi na fedha mfukoni. Hadi leo mtu wa Serbia akisikia jina la Crna Trava huwaza mafundi ujenzi kwanza.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea wanapoisoma historia hii. Husemwa kwamba vita ndivyo vilivyoimaliza Crna Trava. Ni kweli kwamba katika Vita vya Pili vya Dunia eneo hili lilikuwa chini ya jeshi la Bulgaria, wapiganaji wa msituni walikuwa na nguvu, na vijiji vilichomwa moto. Mateso hayo hayapaswi kupunguzwa hata chembe. Lakini tazama tena ile 13,614: ni hesabu iliyofanywa baada ya vita. Watu walikuwapo bado. Anguko lilikuja wakati wa amani.

Baada ya 1945 Yugoslavia, nchi ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake, ilijenga viwanda, barabara na mitaa mipya ya maghorofa, na kazi ya uashi ikawa ya mwaka mzima. Mwashi hakuwa tena na sababu ya kurudi msimu wa baridi. Alipopata chumba mjini alimwita mkewe, kisha watoto wakaanza shule huko huko. Kufikia 1981 manispaa ilikuwa imebaki na watu 6,400 hivi. Mwaka 2002 walikuwa 2,563. Ufundi uliowawezesha kubaki milimani kwa vizazi kadhaa ndio uliowahamisha, na hakuna aliyewafukuza.

Sisi wa demografia, yaani tunaochunguza idadi ya watu, hutenganisha namna mbili za kupungua. Ya kwanza ni ya kuhama, na ndiyo iliyotawala miaka ya 1960 na 1970. Waliohama walikuwa vijana, hivyo waliondoka pamoja na watoto ambao wangezaliwa kijijini. Ya pili hufuata yenyewe: waliobaki wanazeeka, vifo vinazidi uzazi, na idadi inashuka hata kama hakuna anayefunga mizigo. Kati ya 2011 na 2022 manispaa ilipungua kutoka watu 1,663 hadi 1,063, na sehemu kubwa ya pengo hilo haisomeki kwenye vituo vya mabasi bali makaburini. Kwa hiyo kumzuia kijana mmoja asihame, ingawa ni jambo jema, hakutoshi tena. Panahitajika familia changa zinazoingia.

Shule ya sekondari ya ufundi wa ujenzi ingalipo Crna Trava. Inafundisha kazi ile ile, katika manispaa ambayo kila kilomita ya mraba ina wakazi watatu au wanne, na nyumba nyingi za mawe zilizojengwa na waashi wake wenyewe zimefungwa.