Makalio: mafuta yana njia yake, misuli ina yake

Haipiti wiki katika kitengo chetu cha tiba ya viungo hapa Kampala bila kuja mtu ambaye karatasi yake imeandikwa maumivu ya kiuno, lakini mlango ukishafungwa anasema kilichomleta hasa. Juzi alikuwa dada mmoja wa ofisini. "Musawo (daktari)," alisema kwa sauti ya chini, "kwanjula ya mdogo wangu, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, ni Desemba, na gomesi yangu, vazi la sherehe nililoshonewa mwaka jana, inanibana huku nyuma. Nipe zoezi la kukata mafuta ya hapa peke yake."

Zoezi hilo halipo. Msuli unapofanya kazi hauchoti mafuta yaliyoufunika. Mwili huyachota kwenye akiba yake yote na kuyasambaza kwa njia ya damu, na wapi paanze kupungua huamuliwa na urithi na homoni. Unaweza kuchuchumaa mara 200 kwa siku, ukashangaa uso ndio unaokonda kwanza. Kwa wanawake, homoni ya estrojeni huelekeza akiba kwenye nyonga, makalio na mapaja, ghala la siku za mimba na kunyonyesha, na mwili haulifungui ghala hilo kwa pupa. Ukweli ni kwamba mafuta ya hapo hayana madhara makubwa kama yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo na kuhusishwa zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo. Mwenye makalio makubwa na kiuno chembamba mimi huwa simtishi. Mwenye kitambi ndiye ninayemkalisha chini tukaongea.

Umbo la misuli, hata hivyo, tunaweza kulifanyia kazi. Msuli mkubwa kuliko yote mwilini ndio huo unaoukalia. Kazi yake ni kukuinua kitini, kukupandisha ngazi na kukukimbiza. Chini yake, kwa upande wa nje, kuna misuli miwili midogo inayozuia nyonga isilale upande mmoja ukisimama kwa mguu mmoja. Mtu anayekaa kwenye kiti kutwa, kisha akapanda boda hadi mlangoni kwake, haipi misuli hiyo kazi yoyote. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2018 uliiweka Uganda juu ya nchi zote kwa watu kujishughulisha: ni asilimia 5.5 tu ya watu wazima ambao hawakufikia kiwango kinachotakiwa. Tulifurahi sana. Lakini sifa hiyo ni ya jembe na jerikeni la maji zaidi kuliko yetu sisi wa ofisini.

Yule dada nilimlaza chali kwenye mkeka, magoti juu, nyayo sakafuni, nikamwambia ainue kiuno mpaka mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini. Zoezi hili tunaliita daraja. Akainua vizuri. Nikamuuliza, "Unasikia wapi?" Akaonyesha nyuma ya paja. Wengi hujibu hivyo, maana makalio yao yamesahau kazi na paja linafanya kwa niaba yake. Nikamsogezea visigino karibu na makalio, nikamwambia asukume sakafu kwa visigino na kubana makalio kabla hata hajainuka, kama aliyebanwa na haja kwenye foleni. Akacheka, lakini mara hii mkono wake ulienda mahali penyewe. Kaa juu ukihesabu hadi tatu, shuka taratibu. Mara 12, pumzika dakika moja, rudia mpaka raundi tatu. Ikishakuwa rahisi, inua mguu mmoja.

La pili ni kuchuchumaa. Weka benchi nyuma yako, anza kwa kusukuma makalio nyuma kama unayetaka kutumia choo usichokiamini usafi wake, gusa benchi kidogo, simama. Magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu, yasiangukie ndani. Ukizoea, kumbatia jerikeni la lita 5 lenye maji; hiyo ni kilo 5, na haijakugharimu shilingi. Kuongeza uzito kidogo kidogo ndiko kunakojenga msuli. Anayerudia zoezi lilelile kwa uzito uleule miezi sita atabaki palepale.

Kwa ile misuli ya upande, lala ubavu na uinue mguu wa juu, kisigino kikitangulia. Kupanda ngazi nako kunafaa sana, na mji huu wa vilima hauna uhaba wa miinuko. Mwenye ujasiri aende msikiti wa taifa pale Old Kampala, ambako mnara una ngazi zaidi ya 300. Wacheza baakisimba, ngoma ya Kiganda ya kuzungusha nyonga, wao hawahitaji somo langu.

Mazoezi hayo yafanywe siku mbili au tatu kwa wiki, zisifuatane. Mafuta yenyewe yataondoka kwa mwendo na sahani: angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, na chakula kinachozidiwa kidogo na matumizi ya mwili. Sisemi uache matoke. Anza na soda: chupa ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari. Posho (ugali) ipungue, maharage au mukene (dagaa) viongezeke, kwa sababu msuli hujengwa kwa protini. Krimu za kupaka na mikanda ya kutoa jasho ni hasara tupu. Jasho ni maji, na ukinywa glasi mbili yanarudi. Sindano za mitaani za kuongeza au kupunguza makalio ni hatari kabisa.

Tumia futi ya fundi cherehani badala ya mizani, kwani msuli unaweza kuongezeka huku mafuta yakipungua na kilo zikabaki zilezile. Pima sehemu iliyotokeza zaidi, mara moja kila wiki mbili. Mabadiliko ya kuonekana huchukua kama wiki 8 hadi 12, ndiyo maana nilimwambia dada yule asingoje Novemba.

Kuumwa misuli siku moja au mbili baada ya kuanza ni kawaida. Maumivu yanayoshuka mguuni kama shoti ya umeme, ganzi, au goti kuvimba si kawaida: acha, uje tukuone. Mjamzito, aliyejifungua kwa upasuaji hivi karibuni na mwenye presha waanze kwa kuuliza, na mwenye presha asizuie pumzi anapojiinua. Ukija, vaa suruali nyepesi. Gomesi na mkeka wetu havielewani.