Biashara ya mtandaoni kwa mtaji mdogo: cheti ndiyo sehemu nyepesi

Wanaotaka kuanza kuuza mtandaoni huja kwangu na swali lile lile: kusajili kampuni ni bei gani? Nami huwarudishia swali: unauza nini, na unamuuzia nani? Mimi ni mhasibu wa biashara ndogo, kwa hiyo ungetegemea niwe wa kwanza kusukuma cheti cha kampuni mbele. Lakini yanayowaletea wauzaji wadogo barua za mawakili na madai ya kodi, kwa sehemu kubwa, hayahusiani na cheti. Ni jina, picha, ahadi kwa mteja, na daftari. Kuyaweka sawa hayo kunahitaji usumbufu zaidi kuliko hela, na labda ndiyo maana huachwa.

Tuanze na kampuni tuimalize. Mbele ya sheria kampuni ni mtu mwingine. Mwaka 1897 House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, iliamua hivyo katika kesi ya Salomon, mfanyabiashara wa viatu na ngozi aliyemiliki karibu hisa zote za kampuni yake: kampuni ilipofilisika, madeni yake hayakuwa ya Salomon. Kinga hiyo nzuri ina gharama, na gharama yenyewe haiishii kwenye ada ya usajili. Kuna taarifa za kila mwaka na hesabu za kuwasilisha, mara nyingi hata kwa mwaka ambao hukuuza kitu. Muuzaji wa mashati, au wa kazi za usanifu na uandishi, katika nchi nyingi anaweza kuanza kama mfanyabiashara binafsi: namba ya mlipakodi, usajili wa jina la biashara pale unapohitajika, na leseni ya biashara kama sheria ya kwao inaitaka. Basi.

Hesabu hubadilika ukiuza kinachomezwa, kinachopakwa mwilini, kinachochomekwa kwenye umeme au kinachochezewa na mtoto. Fidia ya mtu aliyeumia mara nyingi haina dari. Hapo kampuni ina maana, na bima ina maana zaidi, kwa sababu kampuni isiyo na kitu haimlipi aliyeumia na haikuokoi kama uzembe ni wako mwenyewe. Bidhaa za namna hiyo pia mara nyingi huhitaji kibali cha mamlaka yake, mbali na leseni ya biashara. Jukwaa la kuuzia mtandaoni linaweza kukufungulia duka bila kukuuliza chochote, mamlaka itauliza.

Sasa jina. Watu huchora nembo, wakachapisha vifungashio, ndipo wakakumbuka kutafuta kama jina lina mwenyewe. Geuza mpangilio huo. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, lina hifadhidata ya alama za biashara iitwayo Global Brand Database, na kuitafuta ni bure. Tafuta na majina yanayofanana kimatamshi, si herufi kwa herufi tu. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma, na yapo 45: vipodozi viko daraja la 3, programu za kompyuta la 9, nguo la 25. Jina la mtu mwenye programu huenda lisikuzuie kuuza fulana, isipokuwa kama ni jina linalojulikana kila kona. Na msajili wa majina ya biashara kukukubalia jina hakukupi haki ya alama. Hizo ni rejesta mbili zisizoulizana.

Domeni, yaani anwani ya tovuti yako, nayo ni kitu cha tatu. Tangu 1999 kuna utaratibu wa kimataifa unaoitwa UDRP ambao mwenye alama anaweza kuutumia kumnyang'anya domeni aliyeisajili kwa nia mbaya, bila kwenda mahakamani. Lakini tatizo ninalolikuta zaidi ni la nyumbani: domeni imesajiliwa kwa jina na barua pepe ya fundi aliyejenga tovuti. Siku mkigombana, au akibadilisha namba ya simu, anwani ya biashara yako iko mkononi mwake. Fungua akaunti mwenyewe, lipa mwenyewe, kisha mpe fundi ruhusa ya kufanya kazi. Na usiangalie bei ya mwaka wa kwanza, angalia ya kuhuisha. Mara nyingi ya kwanza ni chambo. Mengine ya tovuti si mzigo tena: WordPress (programu ya kujengea tovuti) na WooCommerce (nyongeza yake ya duka) hazina ada ya leseni, na cheti cha usalama cha Let's Encrypt ni bure. Utalipia tu mahali pa kuihifadhi.

Picha uliyoikuta kwenye intaneti ina mwenyewe. Chini ya Mkataba wa Berne, ambao asili yake ni 1886, hakimiliki haihitaji kusajiliwa. Huzaliwa pamoja na kazi. Kuandika "picha kwa hisani ya mtandao" hakubadilishi kitu. Ukitumia picha zenye leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi yenye masharti, tazama herufi NC: zikiwepo, matumizi ya kibiashara hayaruhusiwi. Muziki wa kuwekea video hivyo hivyo, kwani wimbo unaoruhusiwa kwenye akaunti binafsi huenda usiruhusiwe kwenye akaunti ya biashara. Simu yako, mwanga wa dirishani na karatasi nyeupe vinatosha kuanzia.

Kwenye sera za tovuti, naomba usinakili. Nimesoma sera za faragha zilizobakia na jina la kampuni ya watu wengine, na nyingine zikiahidi ofisi ya malalamiko kwa biashara ya mtu mmoja. Andika unachokifanya kweli: "Tunachukua jina, simu na anwani ili tukufikishie mzigo. Anwani tunampa msafirishaji. Kumbukumbu za malipo tunazitunza kwa muda unaotakiwa na sheria ya kodi." Aya tatu za kweli zinakufaa kuliko kurasa kumi za kuazima. Usipoomba tarehe ya kuzaliwa, hutakuwa na tarehe ya kuzaliwa ya kuvuja. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, inayotumika tangu Mei 25, 2018, humfuata hata muuzaji aliye nje ya Ulaya anayelenga wateja wa huko, na nchi nyingi sasa zina sheria za sura hiyo hiyo. Malipo ya kadi yapitie ukurasa wa kampuni ya malipo, namba ya kadi isikufikie kabisa. Mteja akikutumia picha ya kadi yake kwa ujumbe, ifute na umwambie asirudie.

Kuhusu kurudisha bidhaa, kunyamaza kunaweza kukugharimu kuliko kusema. Katika Umoja wa Ulaya, anayenunua mtandaoni ana siku 14 za kubadili mawazo, ingawa vipo vitu vilivyotengwa, kama vilivyotengenezwa kwa vipimo vyake. Muuzaji asipomweleza haki hiyo, muda unaongezeka kwa miezi 12. Fikiria shati lililovaliwa tangu mwaka jana.

Halafu daftari. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari, na mtandaoni hupotea huku simu inakuonyesha kila kitu. Chukua oda moja. Mteja amelipa 1,000. Kampuni ya malipo imekata 40. Benki imeingia 960. Wengi huandika 960 kama mauzo, kwa sababu ndiyo hela waliyoiona. Mauzo ni 1,000, na 40 ni gharama. Faida inatoka ile ile, ndiyo maana kosa halijitokezi mapema. Linajitokeza kwenye VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwa kuwa kiwango cha kulazimika kujisajili hupimwa kwa mauzo, si kwa kilichofika benki. Unaweza kuwa umeshavuka huku daftari likikwambia bado.

Mteja huyo akirudisha mzigo, unamrudishia 1,000 zote, na mara nyingi ile 40 hairudi. Ukiwa umeandika 960, safu zako hazitakubaliana tena, na mwisho wa mwaka utakuja kwangu na mfuko wa risiti. Kwa hiyo safu ni hizi: tarehe, namba ya oda, mauzo, makato, kilichorudishwa, kilichoingia benki. Akaunti ya biashara iwe peke yake, hata kama benki haikulazimishi. Kila mwezi linganisha safu ya mwisho na taarifa ya benki, hadi tarakimu ya mwisho.

Ukianza kuuza nje ya mipaka, swali la "unamuuzia nani" linarudi kwa kodi. Vitabu vya kielektroniki, programu na mafunzo ya kupakua mara nyingi hutozwa kodi ya mahali alipo mnunuzi. Kwa wauzaji wa ndani ya Umoja wa Ulaya, tangu Julai 1, 2021 kuna kiwango cha pamoja cha euro 10,000 kwa mwaka kabla ya kutoza kodi ya nchi ya mteja. Muuzaji wa nje anayemuuzia mtu binafsi wa huko huduma ya kidijitali hana nafuu hiyo. Anaanza na mauzo ya kwanza. Hilo likikuzidi, uza kupitia jukwaa ambalo kisheria lenyewe ndilo muuzaji, likatoza na kuwasilisha kodi kwa jina lake lenyewe. Kamisheni itakuwa kubwa zaidi, na kwa anayeanza naona inastahili. Ila soma kifungu cha mkataba kinachosema nani anawasilisha kodi. Risiti ya mteja kuwa na mstari wa VAT haithibitishi kwamba jukwaa ndilo linaloipeleka.