Elektroni haihitaji jicho lako

Kila fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa, inapotajwa hapa Lubumbashi, iwe redioni, iwe kwenye semina ya mafanikio, lazima atokee mtu wa kusema: "Wanasayansi wamethibitisha, ukikitazama kitu akili yako inakibadilisha." Kisha anauza bangili.

Hakuna aliyethibitisha hivyo. Shikeni jaribio la Vienna la 2004. Molekuli za C70, kila moja ya atomi 70 za kaboni, zinapitishwa ndani ya ombwe kwenye mabamba matatu ya dhahabu yenye mianya myembamba. Ukilisogeza bamba la tatu pole pole, idadi ya molekuli zinazofika inapanda na kushuka, inapanda na kushuka: alama kwamba molekuli zinakwenda kama wimbi. Sasa zipashe moto kwa leza kabla hazijafika kwenye mabamba. Mawimbi yanafifia, kwenye kelvini 3000 hivi yamekwisha. Molekuli yenye moto hutoa fotoni, yaani chembe za mwanga, na fotoni ya wimbi fupi huondoka na habari ya mahali ilipotoka. Fotoni hizo zinaishia kwenye kuta za chombo, hakuna anayezisoma. Ombwe likiwa bovu, gesi iliyobaki inaharibu vilevile kwa kugongana na molekuli. Gesi nayo ina akili?

Na urani ya mgodi wetu wa Shinkolobwe? Chembe ya alfa hutoka kwenye kiini kwa kupenya kizuizi ambacho kwa fizikia ya zamani hakipenyeki. Mwanafizikia Gamow alilieleza hilo mwaka 1928. Madini ya risasi yaliyozaliwa humo ndiyo yanatupa umri wa mawe yale: mamia ya mamilioni ya miaka. Uchimbaji ulianza 1921. Kabla ya hapo nani alikuwa akiitazama?

Ndiyo, mwanafizikia Wigner aliupa ufahamu wa mtazamaji kazi ya kuamua jibu mwaka 1961. Baadaye akaliacha wazo lenyewe, na hilo wauza bangili hawalisemi.

Mbishi wa kweli atasema jiwe zima lilikuwa katika hali zote mpaka lilipopasuliwa. Hesabu haimkatazi, nakubali. Dekoherensi, yaani huko kuvuja kwa habari kwenda kwenye mazingira, inaeleza kwa nini mawimbi yanafutika. Haielezi kwa nini tunapata jibu hili na si lile. Wanafizikia wamejaribu kulijibu hilo. Bohm anasema chembe ina mahali pake tangu mwanzo, lakini unalipia kwa athari za papo hapo kwa mbali. Everett anasema majibu yote yanatokea, kila moja kwenye tawi lake la ulimwengu. Naegemea kwa Everett, ila uwezekano wa Born, kanuni inayotoa asilimia ya kila jibu, unanikwama kooni: kama matawi yote yapo, asilimia 70 ni asilimia 70 ya nini?