Je, wajua kwa nini fimbo nyembamba ya pool haichepushi sana mpira mweupe?

Ukiugonga mpira mweupe upande wa kulia ili uzunguke, hauendi kule fimbo ilikoelekea. Huchepuka kushoto. Kwa fimbo ya kawaida yenye ncha ya mm 13, ukigonga pembeni sana, mchepuko hukaribia nyuzi 2. Si kitu, mpaka upige hesabu: baada ya mita 2 ni sentimita 7, na mpira wenyewe una upana wa mm 57 tu.

Fimbo nyembamba huchepusha kidogo. Wengi husema ni kwa sababu hunepa, ikaupisha mpira. Jibu linaingia akilini, lakini si lenyewe. Fimbo za nyuzi za kaboni ni kavu, hazinepi kirahisi, na nyingi huchepusha kidogo kuliko mti. Jaribu pia hili: funga kipande cha metali ya risasi kwa utepe sentimita 5 kutoka kwenye ngozi iliyo kwenye ncha ya fimbo. Mchepuko utaongezeka. Kisogeze hadi sentimita 40, na athari yake haionekani tena.

Kinachohesabika ni uzito wa mbele. Ngozi hugusana na mpira kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mpira unapoanza kuzunguka, huikokota ncha kwenda kulia. Ncha nayo huusukuma mpira kushoto. Ni kama kuruka kutoka chomboni: mtumbwi hurudi nyuma nawe ukaangukia majini, jahazi halitikisiki nawe unafika mbali. Ncha nzito ndiyo jahazi.

Mbona basi uzito wa nyuma hauhusiki? Tikisa kamba ndefu iliyolala chini: wimbi huchukua muda kufika mwisho. Mpira huachana na ngozi wakati mtikisiko umefika sentimita 15 hadi 20 hivi. Fimbo iliyobaki haijapata habari. (Ugumu hauko nje kabisa, maana wimbi hukimbia zaidi kwenye fimbo kavu, ila mchango wake ni mdogo.)

Wembamba, basi, ni njia tu ya kupunguza uzito. Kutoka mm 13 hadi 12 mti hupungua kama asilimia 15. Mafundi wengine huacha unene ulivyo, wakatoboa tundu ndani ya ncha na kufupisha kile kipande cheupe kinachobeba ngozi. Kinyume chake, ukiivika fimbo nyembamba pete ya shaba njano, ambayo kwa ujazo uleule ni nzito kuliko mti zaidi ya mara kumi, sehemu ya faida uliyoipata kwa kuichonga inarudi ilikotoka.