Je, wajua kwa nini mbunge wa Uingereza akihama chama haachii kiti?

Kuanzia vijiwe vya Mwanjelwa hadi Mafinga, jambo hili huwa halina ubishi: mbunge akihama chama, jimbo liko wazi. Kwetu Tanzania ndivyo. Desemba 2017 Maulid Mtulia wa Kinondoni (CUF) na Godwin Mollel wa Siha (Chadema) walihamia CCM, viti vikawatoka, na Februari 2018 wakavigombea upya na kushinda. Wengi hudhani demokrasia zote ziko hivyo. Haziko.

Tarehe 3 Septemba 2019, Waziri Mkuu Boris Johnson akiwa katikati ya hotuba bungeni London, mbunge wa chama chake, Phillip Lee, alivuka ukumbi akaketi na chama cha upinzani cha Liberal Democrats. Wingi wa serikali ukaishia hapo hapo, Waziri Mkuu akiwa bado anaongea. Usiku Johnson akawatimua kwenye kundi la chama bungeni wabunge wengine 21 walioipinga serikali. Hakuna hata mmoja aliyepoteza ubunge kwa hilo.

Siri iko kwenye swali la kiti ni cha nani. Ibara ya 67 ya Katiba yetu inataka mgombea ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Mgombea binafsi hana nafasi. Ndiyo maana Ibara ya 71 inasema ukiacha uanachama, ubunge nao umekwisha. Mbunge wetu ni sawa na bodaboda anayeendesha pikipiki ya tajiri: mkikorofishana, unarudisha funguo, hata kama abiria wote wa Mwanjelwa wanakupenda wewe. Mwenzake wa Uingereza pikipiki ni yake. Kijiwe kikimfukuza, anawasha na kuhamia kijiwe cha pili. Mpaka 1969, karatasi ya kura ya kule haikuwa hata na jina la chama.

Ujerumani wamezidi: hata aliyeingia bungeni kupitia orodha ya chama akihama anabaki na kiti. India, tangu 1985, inafanana na sisi, ila theluthi mbili ya wabunge wa chama wakikubali kuungana na chama kingine, wanasalimika. Kuhama peke yako ni kosa, kuhama na wenzako ni halali.

Nasi tusijione tumenyooka sana. Kama sheria ilikusudiwa kuzuia kuhama, Mtulia na Mollel hawakuzuilika. Halafu kuna wale wabunge wanawake 19 wa viti maalum: Chadema ilitangaza kuwafukuza Novemba 2020, wakaenda mahakamani, na huku kesi ikiendelea wakabaki Dodoma wakiuliza maswali bungeni kama kawaida.